Sura ya Tisa: Turbo Ikifa, Injini Ichunguzwe

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, gari la dizeli linapofikishwa likiwa halivuti, likitoa moshi wa bluu na kumaliza oili, hukumu hutolewa kabla ya kesi kusikilizwa: turbo imekufa, inunuliwe nyingine. Hukumu hiyo mara nyingi ni sahihi katika nusu yake ya kwanza. Kasoro iko katika nusu ya pili, kwa sababu turbo ni chombo ambacho ni nadra kufa kwa maradhi yake chenyewe. Huuawa na oili, na hewa au na gesi iliyoletewa na injini, na muuaji huyo akiachwa mahali pake huimaliza na ile mpya, wakati mwingine kabla gari halijafikisha kilometa 100. Sura hii inaeleza jinsi turbo iliyokufa inavyosomwa kama ushahidi, jinsi yanavyopimwa madhara ambayo kifo hicho kimeiachia injini, na kwa nini sehemu kubwa ya matengenezo hufanyika mahali pengine kabisa, mbali na turbo yenyewe.

Turbo, ambayo jina lake kamili ni turbochaja, ni feni mbili zilizofungwa kwenye ncha mbili za shafti moja fupi, kila moja ikiwa ndani ya kasha lenye umbo la konokono. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye silinda kuelekea ekzosi, moshi ambao vinginevyo ungepotea pamoja na nguvu iliyomo. Feni ya pili, kwa kuwa imeshikana na ya kwanza, huzunguka kwa kasi ileile na kuivuta hewa kupitia kichujio, kuibana na kuisukuma hadi kwenye intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa iliyopata joto kwa kubanwa, na kutoka hapo hewa huingia kwenye silinda. Silinda ikipata hewa nyingi zaidi huweza kuunguza dizeli nyingi zaidi bila kutoa masizi, na nguvu ya injini huongezeka bila injini yenyewe kuongezwa ukubwa.

Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905, ingawa ilimchukua karibu miaka 20 kulifikisha kwenye matumizi ya kweli, pale injini za dizeli za meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilipopandishwa kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Kwa msomaji wa Nairobi au Mbeya, hata hivyo, jaribio lenye maana zaidi ni lile la Mmarekani Sanford Moss, ambaye mwaka 1918 alipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya meta 4,200 kutoka usawa wa bahari, ili kuonyesha kwamba turbo huirudishia injini pumzi inayopotea kwenye miinuko. Nairobi iko karibu meta 1,700 juu ya bahari, na huko shinikizo la hewa, au presha kama inavyoitwa gereji, ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu moja ya tano. Gari lenye turbo halionyeshi upungufu huo waziwazi, kwa kuwa turbo huufidia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Ila kasi hiyo ya ziada ina gharama, na gari linalobeba mzigo nyanda za juu kila siku linaitumikisha turbo yake karibu zaidi na ukomo wake kuliko gari la aina ileile linalozunguka Tanga au Lindi.

Kiini cha jambo lote ni oili. Shafti ya turbo ya gari dogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika turbo ndogo hufika 200,000 au kupita, wakati kranki ya injini ya dizeli ni nadra kuzidi 4,500. Kwa kasi kama hiyo vyuma viwili vikigusana huyeyushana, kwa hiyo katika turbo nyingi shafti haikai juu ya gololi bali huelea ndani ya bushi za shaba nyeusi, ikitenganishwa nazo na utando wa oili wenye unene wa sehemu chache za mia za milimita, na bushi zenyewe nazo huelea ndani ya kasha juu ya utando mwingine. Kuna pia beringi bapa ambayo kazi yake ni kuizuia shafti isisogee mbele na nyuma. Oili hiyohiyo hubeba joto, maana upande mmoja wa shafti umeguswa na moshi ambao katika injini ya dizeli iliyobebeshwa mzigo huzidi nyuzi 700 za Selsiasi, na upande wa pili, umbali usiozidi kiganja cha mkono, kuna hewa inayotakiwa kubaki baridi kadiri inavyowezekana. Utando ukikatika kwa sekunde chache tu gari likiwa linapanda mlima wa Kitonga na mzigo wake, bushi huliwa, shafti huanza kuyumba, mapanga ya feni hugusa ukuta wa kasha, na kilichobaki ni suala la dakika.

Lipo jambo la pili kuhusu oili ambalo mafundi wengi wazuri hawalijui, na kutolijua kumewagharimu wenye magari fedha nyingi. Turbo haina sili ya mpira kama ile ya kranki. Kinachozuia oili isivuje kwenda kwenye feni ni pete nyembamba za chuma, zinazofanana na ringi za pistoni, ambazo peke yake haziwezi kuizuia oili hata kidogo. Zinategemea presha ya hewa upande mmoja na presha ya moshi upande mwingine kuisukuma oili ibaki katikati, na zinategemea oili yenyewe iondoke haraka. Oili huingia kwenye turbo kwa msukumo wa pampu ya injini, lakini hutoka kwa uzito wake tu, ikiwa imechanganyika na hewa na kufanya povu, ikiteremka kwenye bomba pana hadi kwenye sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Bomba hilo likikunjika, likiziba kwa masizi, au likifungwa kwa gundi ya gasketi iliyopakwa kwa ukarimu hadi ikafura ndani, oili hukosa pa kwenda na hutafuta njia kupitia kwenye pete. Hali huwa ileile pale briza, yaani njia ya kupumulia ya kasha la kranki, inapoziba, au pale ringi za pistoni zilizochoka zinaporuhusu gesi nyingi kushuka chini na kuipandisha presha ndani ya sampo. Hata kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la barabara ya changarawe hutosha, kwa sababu feni inayonyimwa hewa hufyonza chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni oili. Katika hali zote hizo turbo nzima, isiyo na kosa lolote, itavuja, itatoa moshi wa bluu na itahukumiwa kifo.

Kwa hiyo uchunguzi huanza kabla ya bolti yoyote kulegezwa. Rangi ya moshi husema jambo, ingawa haisemi yote: bluu ni oili inayoungua, nyeusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha, na nyeupe inayodumu ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Gari linalotoa moshi mweusi na kukosa nguvu bila kupunguza oili lina uwezekano mkubwa wa kuwa na mpira wa intakula uliopasuka au klipu iliyolegea, tatizo linaloweza kurekebishwa kwa bisibisi. Mpira uliopasuka huonekana kwa urahisi zaidi injini ikiwa imezimwa na mfumo wa hewa ukajazwa presha ndogo ya kompresa huku viungo vikipakwa povu la sabuni. Sauti nayo husaidia. Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na resi huashiria hewa inayovuja, ilhali mlio mkali wa kusaga, kama wa msumeno unaogusa bati, huashiria mapanga yanayokwaruza kasha. Kompyuta ya kusomea hitilafu hutoa namba kama P0299, ambayo maana yake ni kwamba presha ya turbo iko chini ya inayotakiwa, lakini namba hiyo ni malalamiko ya injini tu, haitaji mkosaji, na fundi anayebadilisha turbo kwa ushahidi wa P0299 peke yake anacheza bahati nasibu kwa fedha za mtu mwingine.

Baada ya hapo hutolewa mpira unaoingiza hewa kwenye turbo, na kwa kidole kimoja shafti hujaribiwa. Mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, kwa kuwa bushi zisizo na oili haziwezi kuikaza shafti. Kisichokubalika ni feni kugusa ukuta wa kasha. Mchezo wa mbele na nyuma ndio unaoogopwa zaidi: katika turbo za magari madogo hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na ukihisiwa waziwazi kwa kidole basi beringi bapa imeliwa na turbo haina muda mrefu. Wakati huohuo mdomo wa feni huangaliwa kwa tochi. Mapanga yenye mapengo kwenye ncha zake yamepigwa na kitu kigumu, na swali linalofuata mara moja ni kipande kilichokatika kimekwenda wapi.

Swali hilo ndilo linaloamua kama injini iwashwe tena au la, na jibu salama ni kwamba isiwashwe. Turbo iliyovunjika huweza kumwaga lita nzima ya oili kwenye intakula, na oili hiyo ina hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba dizeli haihitaji cheche ili kuungua, na oili ya injini, ikifika kwenye silinda kama ukungu, huungua vizuri kama dizeli yenyewe; injini hupata mafuta yasiyopitia kwenye nozeli, hukimbia yenyewe, hupanda mizunguko hadi kupiga mayowe, na kuzima ufunguo hakuisaidii kwa sababu ufunguo hauna mamlaka juu ya mafuta hayo. Dereva wa gari la gea za mkono huweza kuizima kwa kukanyaga breki kwa nguvu zote, kuweka gea kubwa kabisa na kuachia klachi; kwenye gari la otomatiki njia iliyobaki ni kuinyima hewa, kwa kuziba mdomo wa kuingizia hewa na ubao au bati imara, kamwe si kwa mkono au kitambaa, au kwa kupuliza humo kizima moto cha kabonidioksidi. Asiyejua hatua hizi asogee mbali, maana injini iliyofikia mwisho wake hutupa vipande vya chuma. Hatari ya pili haina kelele hivyo. Oili ikiingia kwenye silinda kwa wingi kama kimiminika haibaniki, pistoni inayopanda hukuta ukuta, na konrodi, yaani fimbo inayoiunganisha pistoni na kranki, hupinda.

Turbo ikishatolewa, hufunguliwa na kusomwa, na usomaji huu ni kazi yenye thamani zaidi katika mlolongo wote, ijapokuwa ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa turbo iliyokufa hutupwa kwenye kona pamoja na vyuma chakavu. Shafti iliyonyimwa oili huwa na rangi ya bluu au zambarau nyeusi mahali ilipokalia bushi, rangi ileile anayoijua mhunzi anapochoma chuma, na mara nyingi shaba ya bushi huonekana imeyeyuka na kujipaka juu yake. Shafti iliyolishwa oili chafu haina rangi hiyo. Ina mikwaruzo ya duara, mingine myembamba kama uzi na mingine inayokamata ukucha, na matundu ya bushi yamepoteza kingo zake kali. Tofauti hii ni ya msingi, kwa sababu ya kwanza inaelekeza kwenye bomba lililoziba, pampu dhaifu au oili iliyopungua, na ya pili inaelekeza kwenye oili isiyobadilishwa kwa wakati au filta iliyofungua njia ya dharura na kuruhusu uchafu upite. Makaa meusi magumu upande wa moto, yaliyoganda kama masizi chini ya sufuria ya kuni, yanasimulia habari nyingine: injini imekuwa ikizimwa ghafla ikiwa na joto kali, oili iliyobaki ndani ya turbo ikaiva na kugeuka mkaa. Madereva wa mabasi wanaoiacha injini ikinguruma dakika chache baada ya kumaliza mlima, kabla ya kusimama kwa chakula, wanafanya jambo la kisayansi hata kama abiria wanalalamikia kelele.

Mapanga ya feni nayo yana lugha yake. Feni ya hewa, iliyotengenezwa kwa aluminiamu, ikiwa na kingo zilizolika na kuwa butu pasipo mapengo, imekuwa ikila mchanga, na hapo kichujio cha hewa na mkonga wa gari, yaani lile bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele, vikaguliwe kila kiungo. Feni ya moshi, iliyotengenezwa kwa aloi ya nikeli inayostahimili joto, ikiwa imepigwa na kuvunjika kwenye ncha za nje, basi mpangilio wa matukio umegeuka kabisa: kitu kilichoipiga kimetoka ndani ya injini, kiwe kipande cha valvu, cha ringi au cha ncha ya heta plagi, na turbo ni majeruhi wa pili. Katika hali hiyo kufunga turbo mpya bila kufungua silinda hedi ni kuipeleka machinjioni.

Mfano unaofahamika vizuri katika barabara za eneo hili ni injini ya Toyota inayojulikana kwa jina la 1KD-FTV, yenye silinda nne na ujazo wa sentimeta za ujazo 2,982, ambayo imefungwa kwenye Prado, Hilux na Hiace. Chini ya kila nozeli ya injini hii kuna washa ndogo ya shaba inayoziba nafasi kati ya nozeli na silinda hedi. Washa hiyo ikichoka, gesi za mwako hupenya pembeni ya nozeli na kuingia chini ya kifuniko cha valvu, huko hukutana na oili na kuigeuza kuwa lami nyeusi, na lami hiyo hushuka hadi kwenye sampo na kuganda juu ya stareina, yaani chujio la wavu lililo mdomoni mwa bomba ambalo pampu hutumia kuvutia oili. Wavu ukiziba nusu, injini bado hufanya kazi na taa ya oili kwenye dashibodi haiwaki, lakini turbo, iliyo mwisho wa njia na yenye uvumilivu mdogo kuliko beringi za kranki, huanza kuona njaa. Mwenye gari huletewa habari ya turbo. Akiambiwa kwamba dawa yake inaanzia kwenye washa za nozeli na kusafisha stareina, huona fundi anatafuta kazi, na wapo wanaokwenda gereji ya jirani ambako turbo itabadilishwa mchana huohuo, kisha wiki chache baadaye injini nzima ikanoki.

Kwa sababu hiyo sampo huteremshwa, hata kama hakuna anayeitilia shaka. Stareina huangaliwa kwa jicho. Filta ya oili hukatwa kwa msumeno mwembamba au kifungulio cha kopo, karatasi yake hukunjuliwa juu ya bati safi na kupitishwa sumaku: vipande vinavyoshikwa na sumaku ni vya chuma, vya rangi ya dhahabu iliyofifia visivyoshikwa ni vya bushi za turbo, na vya kijivu laini vinavyong'aa kama magamba ya dagaa huenda vikawa vya beringi za kranki. Hivi vya mwisho vikionekana kwa wingi, mjadala wa turbo husimama na mjadala wa kufungua injini nzima huanza. Presha ya oili hupimwa kwa geji ya mkono iliyofungwa mahali pa swichi ya oili, mara tu injini inapoweza kuzungushwa kwa usalama, kwa kuwa taa ya dashibodi huwaka tu pale presha inaposhuka chini kabisa.

Silinda huchunguzwa kwa njia tatu, na hakuna moja inayotosheleza peke yake. Kamera ndogo yenye waya hupitishwa kwenye tundu la heta plagi au la nozeli ili kutazama kichwa cha pistoni, maana aluminiamu ya feni iliyopita hapo huacha vijeraha vyenye kung'aa. Mgandamizo, au kompresheni, hupimwa kwa geji ya dizeli, na katika injini nyingi nzima husoma kati ya bar 25 na 35. Kinachotazamwa zaidi ya namba yenyewe ni tofauti kati ya silinda na silinda, na kiwango kinachoruhusiwa hutafutwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Desturi ya kumwaga oili kidogo kwenye silinda na kupima upya, ambayo katika injini ya petroli hutofautisha ringi na valvu, katika dizeli hudanganya, kwa sababu nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo sana hivi kwamba oili yenyewe inaijaza na kupandisha namba. Njia ya tatu ni kuipulizia silinda hewa ya kompresa pistoni ikiwa juu, na kupima inavuja kiasi gani na kusikiliza inatokea wapi: kwenye ekzosi, kwenye njia ya hewa, kwenye mdomo wa oili au kwenye rejeta kama mapovu. Silinda ambayo haivuji lakini ina kompresheni ndogo humshangaza fundi mchanga. Maelezo yake yamo katika ile oili ya intakula: konrodi imepinda kidogo, pistoni haifiki tena juu ilikokuwa ikifika, na hewa haibanwi vya kutosha ingawa kila kitu kimefunga vizuri. Hakuna dawa ya konrodi iliyopinda isipokuwa kubadilishwa, na anayeiacha kwa sababu gari linawaka ataikuta siku moja imetoboa ubavu wa bloku.

Matokeo ya vipimo hivi ndiyo yanayoamua ukubwa wa kazi. Pale silinda zinapokuwa sawa, filta ikawa safi na pistoni zikawa hazina majeraha, injini haifunguliwi, na fedha huelekezwa kwenye njia za oili na hewa. Bomba jembamba linalopeleka oili kwenye turbo halisafishwi bali hubadilishwa, pamoja na bolti yake yenye tundu, kwa kuwa makaa yaliyoganda ndani yake hayaonekani na hayatoki yote, lakini hubanduka baadaye kwa joto. Bomba la kurudisha oili huoshwa hadi lionekane tupu kutoka mwisho hadi mwisho. Briza husafishwa. Intakula iliyopata oili tu hutolewa, huoshwa kwa kiyeyusho, huning'inizwa mdomo ukiangalia chini usiku kucha na kukaushwa kabisa, kwa sababu kiyeyusho kinachobaki ndani ni mafuta mengine yasiyoalikwa. Ile ambayo feni ilivunjikia ndani yake hutupwa: vipande vya aluminiamu hujikita kati ya mirija yake, huvumilia kuoshwa mara tatu, na hutoka siku turbo mpya inapoanza kusukuma hewa kwa nguvu zote.

Kuhusu turbo yenyewe, mnunuzi ana njia tatu. Mpya ya kiwandani ni ghali na ndiyo yenye uhakika. Ya mtumba, iliyotoka kwenye gari lililokatwa ng'ambo, huweza kufaa kama shafti yake imejaribiwa na mapanga yake yametazamwa, lakini historia ya oili iliyopita humo haijulikani na dhamana huishia mlangoni mwa duka. Njia ya kati ni kubadilisha katriji, yaani kiini chenye shafti, bushi na feni zote mbili, na kuyaacha makasha ya zamani. Hii ni kazi ya halali endapo katriji imesawazishwa kwa mashine, kwa sababu kwa mizunguko 100,000 hata uzito wa chembe ya mchanga upande mmoja huwa nyundo. Tahadhari inahitajika kwa turbo zenye mapanga yanayojirekebisha, kama ile ya 1KD, ambamo duara la vibati vidogo hufunguka na kujifunga kwa amri ya mota ya umeme ili kuongoza moshi kulingana na mwendo. Vibati hivyo vikifungwa bila kupimwa upya kwenye mashine ya mtiririko wa hewa, gari huwa zito kuondoka au turbo huzidishiwa kasi, na mafundi wanaogeuza skrubu ya mwisho wa mkono unaoviendesha vibati hivyo kwa kukisia, wakiamini wanaliongezea gari nguvu, wanastahili lawama kubwa kuliko wanayopata.

Ufungaji una kanuni chache zisizo na mjadala. Gasketi za bomba za oili hufungwa kavu, bila gundi. Oili mpya ya daraja lililoandikwa na mtengenezaji na filta mpya huwekwa kabla, si baada ya wiki. Oili safi humiminwa kwa sindano kwenye tundu la kuingizia la turbo huku feni ikizungushwa kwa kidole hadi ihisike laini, kisha nozeli hukatiwa umeme na injini huzungushwa kwa stata, kwa vipindi vifupi, mpaka oili ionekane ikitoka kwenye bomba la kurudi kabla halijafungwa. Hapo ndipo injini huwashwa na kuachwa kwenye sailensi, yaani mwendo wa chini kabisa bila kupigwa resi, kwa dakika kadhaa, ubao wa kuzibia hewa ukiwa mkononi mwa msaidizi.

Moshi wa bluu huweza kuendelea baada ya yote hayo, wakati mwingine kwa safari nzima ya kwanza, kwa sababu oili iliyomwagika upande wa moto bado imelowanisha ekzosi na sailensa na haina budi kuungua mpaka iishe. Mwenye gari asiyeambiwa jambo hili mapema hurudi gereji akiwa na hasira, na fundi asiyejua naye huifungua tena turbo nzima. Kipimo cha kweli huja baada ya kilometa 500 hadi 1,000: kiwango cha oili husomwa, mpira wa intakula huvuliwa na kupitishwa kitambaa cheupe ndani yake, kisha filta hubadilishwa kabla ya wakati wake, hukatwa kama ile ya kwanza, na karatasi yake hukunjuliwa juani juu ya bati, sumaku ikiwa kando.